Binamu Yangu Aliniomba Msamaha, Nikamjibu kwa Utani

Nimekosa, na kosa lenyewe sikulifanya kwa bahati mbaya. Nililifanya macho makavu, mchana kweupe, mbele ya watu wa Mungu, na watu wakacheka. Jina langu nimeliacha pembeni na majina ya wenzangu nimeyabadili, maana kijiji chetu ni kidogo, huku hata mtu akikohoa anajulikana ni nani. Wewe jua tu kwamba mimi ni mwanamke wa bara ya Kilwa, huku vilimani upande wa Kikole, mkulima, Mkatoliki, mjane, na nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya.

Mwenyekiti! Tena mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza maana ya kutubu!

Nikwambie kwanza tabia yangu, usije ukasema nilikuficha. Mimi ni mtu wa shaka. Ukiniletea papai nitajiuliza umelitoa wapi na unataka nini kwangu. Ukinisalimia kwa bashasha nitashinda nawaza huyu leo ana lake. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikifika mbinguni nitamuuliza Mtakatifu Petro hizo funguo kapewa na nani. Nilikuwa nacheka naye. Moyoni nilijiona mwerevu, naona mbali kuliko wenzangu.

Sasa sikia habari za Damasi.

Damasi ni mtoto wa mjomba wangu, yaani binamu yangu. Kwetu binamu ni mtani, na utani wa huku si wa kuchekeana meno tu. Damasi alikuwa na ruhusa ya kuingia uani kwangu akakamata kuku akaondoka naye, na mimi nisiwe na pa kumshtaki. Mimi nilikuwa na ruhusa ya kumwambia mbele ya wakwe zake kwamba ana sura ya ngedere aliyefumaniwa kwenye mahindi. Nikifa mimi, yeye ndiye wa kulikingia njia jeneza langu mpaka ndugu zangu wambembeleze apishe. Akifa yeye, kazi hiyo ni yangu, kumwigiza na kuwachekesha waliofiwa ili wapumue kidogo. Neno la mtani halina kesi. Ndivyo tulivyolelewa, na ni jambo zuri, silikatai. Ila mimi nililitumia vibaya.

Miaka mingi nyuma moto uliingia shamba la mama yangu. Ilikuwa kiangazi, majani makavu, mikorosho imeanza kutoa maua. Mikorosho ile mama aliipanda akiwa na mimba yangu, akapandisha maji ya kuinyweshea kutoka bondeni kwa ndoo kichwani. Moto ulimaliza kazi alasiri moja. Tulipofika tulikuta visiki vinafuka moshi, na mama akakaa chini palepale kwenye majivu.

Hakuna aliyejitokeza kusema moto ni wake. Na mimi, mwerevu wa kuona mbali, nikamwona mwenye moto papo hapo: Bi Zuhura, jirani yetu wa shamba. Tulikuwa tunavutana naye kidogo juu ya mpaka, na siku chache kabla nilimwona akichoma takataka za shamba lake. Ikanitosha. Nikamnong'oneza mama. Mama hakuwa mtu wa kinyongo, lakini nilimnong'oneza leo, nikamnong'oneza kesho, mpaka akaamini.

Bi Zuhura alikuwa shoga wa mama tangu usichana wao. Yeye Mwislamu, sisi Wakristo, na huku hiyo si habari, nusu ya wajomba zangu wanaswali. Kila Idd alikuwa anatuletea sahani ya pilau imefunikwa kawa. Idd iliyofuata baada ya moto akaileta kama kawaida. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante, na alipopinda njia nikawamwagia kuku. Nilisema pengine katia kitu. Sijui nani alimwambia, lakini mwaka uliofuata hakuleta tena. Mama alikufa hawajasalimiana. Bi Zuhura alikuja msibani akakaa mbali peke yake, na mimi nikawaambia watu amekuja kuhakikisha.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika. Na kila Jumapili nasimama mbele nasoma somo.

Basi, Kwaresima moja, si zamani sana, Damasi akaja kwangu asubuhi. Ujue Damasi alikuwa amelipa kanisa kisogo miaka na miaka. Alikuwa mtu wa uraka, ile pombe ya mabibo, msimu wa korosho ukifika humkuti anatembea wima. Halafu ghafla ameacha, anakuja ibada, anashika rozari. Watu walifurahi. Mimi nilimtazama tu. Nilijisemea huyu anatafuta kitu, labda anataka kuchaguliwa mtunza hazina.

Nilikuwa namenya muhogo. Akaniamkia kwa Tumsifu Yesu Kristo, hakuanza na matusi yake ya siku zote, na hapo hapo masikio yakanisimama. Nikamsogezea kigoda, akakataa, akakaa chini mchangani. Akaanza kusimulia.

Alisema mwaka ule wa moto alikwenda kurina asali karibu na mpaka wetu na Bi Zuhura, kwenye mninga uliokuwa na tundu. Nyuki wakamchachamalia. Akatupa kienge cha moto alichokuwa anafukizia, akakimbia. Alipogeuka akaona nyasi zinawaka. Alirudi, akajaribu kuupiga moto kwa matawi, ukamshinda, upepo nao ulikuwa mkali. Akaenda kwake akanyamaza. Aliposikia tunamtaja Bi Zuhura, alisema, aliona aibu, kisha akaona nafuu, kisha akaanza kunywa.

"Moto ulikuwa wangu, binamu," aliniambia. "Nimechoka kuubeba. Nisamehe wewe kwanza, kisha nikamwombe na Bi Zuhura."

Ewe msomaji, unajua nilichomjibu? Nilimuuliza nani kakutuma.

Akasema hakuna. Nikamwambia nilimwona juzi anaezeka jiko la Bi Zuhura. Amekuahidi nini? Mmepanga nini nyinyi wawili, mje mnivue nguo kijijini? Akasema aliezeka kwa sababu alikuwa anamwonea huruma yule mama kwa kosa lisilo lake. Nikacheka kile kicheko changu cha puani. Nikamwambia wewe na nyuki wapi na wapi, nyuki wenyewe wakikuona wanadhani wewe ndiye mzinga uliooza. Sheria ya utani ni kucheka, naye akacheka. Akainuka akaenda zake.

Sasa nakwambia jambo ambalo sikumwambia mtu wakati ule. Moyoni nilijua ni kweli. Nilijua tangu alipotaja mninga, maana mti huo naujua na tundu lake nalijua. Shaka yangu yote ilikuwa ya kujifunika. Kama moto ni wa Damasi, basi Bi Zuhura hana kosa, na kama hana kosa, ile miaka yote ya kumgeuzia kisogo ni ya nani? Ile pilau ni ya nani? Mama yangu aliyekufa na uchungu kwa rafiki yake, nani alimtia uchungu ule? Niliona bora Damasi awe mwongo.

Hapo ndipo dhambi inapokaa, ndugu yangu. Unafundisha toba kwa watoto, lakini ukweli ukibisha hodi mlangoni kwako unauuliza umetumwa na nani.

Damasi hakukata tamaa. Siku ya jumuiya tulikutana kwa katekista. Tulipofika kwenye maombi ya kila mtu, akasimama, akavuka mkeka, akaja kupiga magoti mbele yangu. Akasema kuna jambo amemkosea mwenyekiti, na anaomba kulisema mbele ya wanajumuiya wote.

Akilisema hapa limekwisha, kesho kijiji kizima kitajua Bi Zuhura alionewa na aliyemwonea ni nani. Nikamkata maneno. Nikapaza sauti, "Jamani, mchumba huyo! Mwambieni mimi mjane ninayejiheshimu, na meno yake hayo nitamlisha nini?"

Loo! Watu walivunjika mbavu. Mama mmoja alilala chali kwenye mkeka. Katekista mwenyewe alijifuta machozi kwa karatasi ya nyimbo. Damasi alibaki amepiga magoti, anatutazama, kisha naye akatabasamu, akajikung'uta vumbi, akarudi kukaa. Hakuna aliyerudi kumuuliza alitaka kusema nini. Tulipomalizia kwa Baba Yetu, tulipofika pale pa kusameheana, mimi nilikohoa. Siku hizo nilikuwa nakohoa pale kila mara.

Padre huja kigangoni kwetu mara mojamoja, na masika gari likikwama huko chini tunaweza kukaa muda mrefu tusimwone. Mwaka huo alifika karibu na Pasaka. Watu wakajipanga kwa kitubio. Damasi hakujipanga. Alikaa nje kwenye gogo kando ya mlango, kofia mkononi. Katekista alimfuata, na baadaye akanieleza. Damasi alisema amelishika lile fundisho la kuacha sadaka na kwenda kupatana kwanza na ndugu, na yeye bado hajapatana na mtu, anasubiri. Katekista alimwambia Mungu hamfungii mtu mlango kwa sababu binadamu mwenzake ni mgumu, aingie tu akaungame. Lakini Damasi akishika neno kalishika. Akasema atasubiri.

Mimi nilimpita pale kwenye gogo, nimevaa kitambaa changu cheupe. Nikaingia kwa padre nikamwambia dhambi za kuku: nimekasirika, nimesahau sala ya jioni, nimesengenya kidogo. Nikaenda nikapokea komunyo. Wakati wa kurudi kwenye benchi nilimwona kupitia mlangoni, na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri anajionyesha. Anakaa pale ili watu waulize. Anatafuta huruma.

Mwili wa Bwana uko mdomoni mwangu na mimi nawaza hivyo!

Baada ya Pasaka Damasi akaanza kuugua. Tumbo lilimvimba, macho yakawa ya manjano. Nilisema ni uraka, hajaacha huyo, anakunywa kwa kificho. Mkewe, Agata, akampeleka Lindi, wakafikia Mitwero kwa mdogo wa Damasi ili awe karibu na hospitali. Nilichangia nauli kama wengine. Kumwangalia sikwenda. Nilisema nina palizi.

Siku moja nikiwa shambani simu ikaita. Ni yeye. Sauti imekuwa ndogo, anahema kati ya neno na neno. Nilianza kumtania kama kawaida, akanizuia.

"Leo nijibu kama ndugu," alisema. "Usinijibu kama mtani. Umenisamehe au hujanisamehe?"

Nilisimama na jembe langu. Neno lilikuwa moja tu. Lilikuwa mdomoni, naapa lilikuwa mdomoni. Lakini nikaliona na mkia wake, maana nikisema nimekusamehe ule moto, nimekubali moto ulikuwa wako, na nikikubali, lazima nitoke hapa niende kwa Bi Zuhura. Nikasema, "Hufi wewe. Kuzimu nako kuna masharti, hawapokei wanaonuka uraka."

Nilisikia watoto wanacheza huko alikokuwa. Kisha akasema, "Haya, binamu. Wasalimie wanajumuiya." Simu ikakatika.

Nikaendelea kupalilia. Nilipalilia vibaya, nikakata mihogo yangu mwenyewe. Nilijiambia nitampigia baadaye nikipumzika. Jioni nikajiambia kesho. Mikorosho ilikuwa inaanza maua tulipoletewa habari, na mwili ukaletwa nyumbani.

Padre hakuwahi kufika, akazika katekista. Na mimi ndiye mtani. Watu walikuwa wananisubiri! Tangu asubuhi nasikia wanaulizana mtani wake yuko wapi, leo tutacheka. Tulipofika kaburini mtu akanivisha kofia ya Damasi, wakanisukuma mbele.

Mimi nilikuwa nimeshaamua. Sikulala, sikula, nilikuwa nimeamua nitasema. Nikapiga magoti kwenye udongo uliochimbwa, nikainama kuelekea jeneza, nikasema, "Damasi, nimekusamehe. Ule moto nimekusamehe. Na wewe nisamehe mimi."

Wakacheka.

Wakacheka, ndugu yangu! Walikumbuka siku ile ya jumuiya, wakadhani namwigiza. Mmoja akapiga kigelegele. Nikarudia, safari hii nalia, machozi ya kweli na makamasi juu, nikasema ni kweli jamani, sifanyi utani, nimemkosea huyu. Ndipo wakazidi, kwa sababu kulia kwa uongo ndiyo kazi ya mtani, na kila nilivyoapa waliona nimeipatia. Nikasikia mtu nyuma anasema huyu mama leo ataua watu wengine. Mwisho wakaninyanyua, wakanikalisha pembeni, wakanipa maji, wakanipongeza. Katika watu wote pale Agata peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama tu.

Baada ya kuzika sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Zuhura na udongo wa kaburi magotini. Alikuwa barazani anachambua mbaazi. Nikamwamkia shikamoo, neno nililokuwa sijamwambia tangu mama hajafa. Akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikamwambia yote, moto, mnong'ono, pilau, Damasi, mpaka simu. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo mama yako alikufa anajua ni mimi?"

Nikasema ndiyo.

Akaweka ungo chini. Kisha akaniambia yeye amezeeka, na angependa kunisamehe kabla Mungu hajamchukua, lakini leo hawezi, niende. Nilikwenda. Siku hizi hupita kwake, nikamchotea maji nikaondoka. Wakati mwingine ananikaribisha nikae, wakati mwingine haniambii kitu. Simuulizi. Sina haki ya kumharakisha.

Padre alipokuja tena nilikwenda kitubio, na safari hii sikumpelekea dhambi za kuku. Nililia mpaka nikaishiwa sauti. Aliniambia damu ya Kristo inatosha hata kwa hili, akaniondolea dhambi, na mimi naamini. Uenyekiti nimeuacha. Baba Yetu naisali yote sasa, polepole, bila kukohoa. Juu ya Damasi sina wasiwasi, alikaa nje ya kanisa na moyo wake ukiwa ndani, na Mungu si mgumu kama mimi. Wasiwasi wangu ni mimi. Mtu niliyebaki kumshuku huku duniani ni mimi mwenyewe, na kila asubuhi namshuku.

Nawaambia nyinyi mnaosoma, hasa nyinyi wa mbele kanisani, mnaosoma masomo na kushika funguo za sakristia. Dhambi yangu haikuwa ya gizani. Niliifanya nikichekesha watu, na rozari shingoni. Chunga sana lile jambo jema unalojificha nyuma yake. Usidhani milele inaanza baada ya kaburi, yangu ilikuwa kwenye simu pale shambani, nami nikaichezea.

Agata ndiye aliyenimaliza. Tulipokuwa tunaanua matanga alinivuta pembeni, nikajua sasa nitasemwa, na nilitaka nisemwe. Hakunisema. Alitaka tu nijue kwamba siku ile ya simu, yule mdogo wa Damasi alimuuliza kaka yake binamu yake amejibuje. Damasi akasema mtandao ulikuwa mbaya, mimi sikusikia vizuri alichoniuliza, atanipigia tena kesho yake mtandao ukitulia.

Alfajiri ya kesho yake alikuwa hana tena kauli. Wewe ambaye mtu wako bado yuko hai, na simu yake ukipiga inaita, acha kusoma hapa. Mpigie.